Mwongozo wa Kubadilisha Goti Toronto kwa Aliyezoea Kusema "Sijambo"

Anza kwa kuhakikisha kwamba goti limekufa kweli. Lile linalolia kama bawaba za mlango wa stoo ukipanda ngazi halihesabiki. Hilo kila aliyevuka arobaini analo. Linalotakiwa ni goti ambalo gegedu limesagika likaisha, mfupa unasugua mfupa, na ile pia ya goti, ambayo wenye kamusi wanaiita kilegesambwa, inapita kwenye mfereji wake kama jiwe la kusagia lisilotiwa mtama. Daktari atakuonyesha eksirei: palipokuwa na upenyo kati ya mfupa na mfupa hapana upenyo tena. Utaitazama picha, utatikisa kichwa, utasema, "Ndiyo mapenzi ya Mungu." Usiseme. Toronto maneno hayo yanaingia kwenye faili yakiwa "mgonjwa anastahimili vizuri", na anayestahimili vizuri huachwa astahimili.

Kabla ya kufika huko, timiza wajibu wa ukoo. Kula bamia. Jamaa wa Dar, wa Mombasa na wa Bujumbura, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya lolote, wamekubaliana kwamba bamia hurudisha ute wa magoti kwa kuwa yenyewe ina ute. Baada ya bamia inakuja supu ya makongoro, kwa hoja hiyohiyo: kwato ni mguu, na mguu ni mguu. Kisha mafuta ya nyonyo, ya mkaratusi, na ya yule mzee ambaye chupa zake hazina maandishi. Usibishane. Jibu kila ujumbe wa sauti kwa "ahsante, nimeanza leo", maana siku utakayopasuliwa na goti likasumbua, swali la kwanza halitamhusu daktari. Litakuwa: bamia ulikula siku ngapi?

Sasa tafuta daktari wa familia. Bila yeye hakuna rufaa, na bila rufaa hakuna bingwa wa mifupa, hata ukimkuta bingwa mwenyewe amesimama mbele yako kwenye foleni ya kahawa. Mwaka 2024 Ontario ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili wasio na daktari wa familia, kwa hiyo aliye naye hamtaji hovyo. Ukimpata wako, usihame nyumba, usibadilishe namba ya simu, na usimkasirishe karani wake. Karani ndiye anayetuma rufaa, na anaituma kwa faksi. Ndiyo, faksi. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba itaziondoa katika huduma za afya ndani ya miaka mitano, na hapo ndipo vijana wengi walipojua kuwa zipo. Goti lako litasafiri kama karatasi, litoke kwenye mashine ya Scarborough lielekee mashine ya katikati ya mji, na huko karatasi zitakuwa zimekwisha. Baada ya wiki tatu piga simu kuulizia. Wewe utaambiwa hawajapokea. Daktari wako ataambiwa wamepokea. Usitafute mwongo, hayupo.

Simu nayo ina kanuni yake. Hospitali ikipiga, mara nyingi namba haitokei. Wewe, uliyekatazwa na wanao kupokea namba isiyojulikana kwa sababu ya matapeli wanaojifanya watu wa kodi, hutapokea. Ujumbe utaachwa kwa Kiingereza cha mbio, na namba ya kurudishia itasomwa kama mtu anayemwaga mchele. Kwa hiyo pokea simu zote. Zungumza na matapeli wote kwa heshima. Mmoja wao ni hospitali.

Utakayemwona kwanza siye mpasuaji. Ontario ina kliniki maalumu za kuchuja magoti na nyonga, na mchujaji mara nyingi ni mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea zaidi. Huyu ndiye bawabu. Atalikunja goti, atalinyoosha, kisha atakutazama ukitembea kutoka kitini hadi dirishani. Usitembee vizuri. Najua ulivyolelewa: mgeni akitazama, mtu hunyoosha mgongo. Shangazi yangu, mtu wa Pangani anayekaa ghorofa ya 14 Thorncliffe Park, nyumbani hutembea kwa kushika ukuta, kabati na mjukuu. Siku hiyo alivaa buibui jipya, akajitia uturi, akavuka kile chumba kama bibi harusi anayeingizwa ukumbini. Aliandikiwa: mwendo mzuri.

Kisha inakuja hojaji. Maarufu kuliko zote inaitwa WOMAC, na ni ya hukuhuku: ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watu wa vyuo vikuu vya Western Ontario na McMaster, safari ya basi kutoka Toronto, na sasa inapima magoti ya dunia nzima. Maswali ni 24. Matano ya maumivu, mawili ya ukakamavu, 17 ya shughuli za kila siku. Unaulizwa kuingia na kutoka kwenye gari. Unaulizwa kuingia na kutoka kwenye bafu la kujilaza. Soksi zinaulizwa mara mbili, kuzivaa na kuzivua. Kusujudu hakuulizwi hata mara moja. Kuketi mkekani hakumo, kuchuchumaa hakumo, kumpigia goti mama mkwe wa Kampala hakumo, na kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi mbili za wali wa Ijumaa ndiyo kabisa. Shangazi hana gari. Anaoga kwa kopo, amesimama. Soksi anavishwa na mjukuu. Akajaza "hakuna taabu", "hakuna taabu", "hakuna taabu", kwa ukweli mtupu, mwanamke ambaye hajagusa mbuzi yake ya nazi kwa miaka miwili. Wewe ukifika kwenye soksi, soma "nazi". Ukifika kwenye bafu, soma "mkeka". Hutakumbuka.

Omba mkalimani. Hospitali kubwa za Toronto zinao, mara nyingi kwenye simu, lakini kwao Kiswahili ni kimoja, na wewe wa Pemba waweza kuunganishwa na kijana wa Bukavu. Mtaelewana, ugomvi hautakuwa kati yenu. Ugomvi uko kwenye mguu. Mguu wetu unaanzia nyongani na kuishia vidoleni, ilhali Kiingereza kimeukata vipande viwili na kila kipande kikapewa jina lake. Ukisema "mguu unaniuma", kuna nafasi nzuri ya kupigwa picha ya unyayo. Sema goti. Sema goti hata ukiulizwa jina lako.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapozama. Utaulizwa: kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi? Swali linaonekana dogo. Lakini sisi tumelelewa na lugha ambayo salamu yenyewe ni kukana taabu. Hujambo? Unaulizwa kama una jambo, na jibu la adabu ni moja tu, sina, hata kama umeletwa kwa machela. Jambo lenyewe huja baadaye, limejificha nyuma ya "ila". Hatujambo, watoto hawajambo, mvua zimenyesha, ila mzee ametutoka jana. Mtaalamu wa Toronto ana dakika chache na kompyuta mbele yake. Anaondoka kwenye mvua.

Shangazi alipoulizwa namba alijibu, "Afadhali." Mkalimani, kijana mwaminifu, akatafsiri kwamba amepata nafuu. Akabanwa ataje namba. Akasema tatu. Nyumbani nilimuuliza kwa nini tatu, naye usiku anaamka mara nne kulisogeza goti. Akaniambia kumi ni ya mwanamke anayejifungua, tisa ni ya aliyeungua moto, na mtu mwenye kunywa chai hawezi kujitia kwenye safu hizo bila haya. Mara ya pili nilikwenda naye mimi, nikajibu mimi, na akaninunia njia nzima kwa kumsema vibaya mbele za watu. Jizoeze, basi, kusema saba. Ukisema kumi huku umekaa na mkoba mapajani, hawakuamini. Ukisema nne, unarudi nyumbani na karatasi ya mazoezi. Saba isemwe kavu, bila salamu mbele wala "ila" nyuma. Itakutoka ikiwa tatu.

Ukishapita mchujo, subiri. Ontario kusubiri ni fani na ina saa zake mbili. Saa ya kwanza inahesabu tangu rufaa hadi siku ya kumwona mpasuaji. Ya pili inaanza pale wewe na mpasuaji mnapokubaliana, na kuishia kwenye kisu. Kipimo cha nchi kinachotajwa kwa magoti, siku 182, yaani wiki 26, ni cha saa ya pili peke yake. Miezi ya bamia, ya kumwinda daktari na ya kuzungumza na matapeli haimo. Na ukienda Mombasa kwenye arusi, siku hizo zinaondolewa kwenye hesabu, kwani hukuwa tayari kupasuliwa. Ulikuwa unacheza chakacha, tena kwa goti gani? Hivyo unaweza kusubiri mwaka wa Mungu mzima, na kwenye ripoti ukawa umesubiri miezi mitano. Wakati huo fanya mazoezi. Fiziotherapia ya kliniki inayolipiwa na bima ya jimbo, OHIP, ni ya waliofika miaka 65 au wasiozidi 19, pamoja na makundi machache kama waliotoka kulazwa hospitali. Kama una miaka 58, ulikosea kuzaliwa.

Usilalamikie gharama, maana upasuaji wenyewe hutalipa hata senti, na chanzo cha neema hiyo, kati ya viungo vyote, ni goti. Tommy Douglas, aliyezaliwa Uskoti mwaka 1904, aliumia goti la kulia akiwa mtoto na ugonjwa ukaingia mfupani. Wazazi wakahamia Winnipeg. Madaktari wakasema mguu ukatwe. Familia haikuwa na uwezo wa kutafuta zaidi. Akatokea bingwa mmoja wa mifupa akajitolea kumtibu bure, kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Mguu ukasalimika. Mtoto akakua, akawa waziri mkuu wa Saskatchewan, na mwaka 1962 jimbo hilo likawa la kwanza kumlipia kila mtu daktari. Sheria ya afya ya nchi nzima ikakamilika mwaka 1984. Wakanada husimulia kisa hiki kwa machozi. Wewe lisome lile sharti tena: alitibiwa kwa sababu goti lake lilikuwa na kitu cha kuonyesha. Lako limechakaa kama yanavyochakaa magoti yote. Wanafunzi watakuja hata hivyo, watakubonyeza, watashukuru. Wakikuuliza hali, rudi juu usome habari za saba.

Haya, sasa umekaa mbele ya mpasuaji mwenyewe. Atakueleza haraka: mwisho wa mfupa wa paja utavikwa chuma cha kobalti na kromu, kichwa cha mfupa wa muundi kitawekewa sahani ya titani, na katikati itakaa plastiki. Atanyamaza, akitarajia umeridhika. Hapo uliza: na kilegesambwa je? Utaona akikaa vizuri kwenye kiti. Umegusa mambo ya dini.

Kuna kukiacha kilegesambwa kama kilivyo. Na kuna kukigeuza, kukikwangua upande wa ndani milimita nane au tisa, na kugandisha hapo kifungo cha plastiki kwa saruji ya mifupa, kifungo cha duara kama cha koti la mvua, chenye vijiti nyuma ya kushikia. Tangu Duncan McKeever wa Marekani aandike mwaka 1955 juu ya kukivika chuma kilegesambwa, wapasuaji wamegawanyika madhehebu matatu: wanaomvika kila mtu, wasiomvika mtu, na wanaosema watajua wakishafungua. Marekani wagonjwa wengi sana huvikwa. Norway ni wachache mno. Na mifupa ya Wanorway, kwa ninavyojua, haikuletwa na meli nyingine. Uingereza walipiga kura ya bahati kwa wagonjwa zaidi ya 1,700, katika majaribio yaliyoanza mwaka 1999, nusu wavikwe na nusu waachwe. Miaka ikapita, na waliovikwa na walioachwa wakawa wanatembea karibu sawa. Inajulikana pia kwamba walioachwa hurudi mezani mara nyingi zaidi. Wengine kwa sababu goti linauma mbele. Wengine, nashuku, kwa sababu wao bado wana kitu cha kufanyiwa, na aliyekwisha vikwa akilalamika huambiwa azoee.

Mpasuaji atakuambia uamuzi ni wako, kisha ataamua. Wa shangazi alikuwa wa dhehebu la tatu. Ukivikwa, ujue kwa lugha yetu hicho ni kifungo cha maisha, na plastiki yake ni polithini iliyokazwa, ndugu wa damu wa mfuko wa rambo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na wasafiri wakaambiwa waiache uwanja wa ndege. Wewe utashuka Dar na polithini iliyosimikwa kwa saruji, na hakuna atakayekudai. Chuma ndicho kitakacholia kwenye mlango wa ukaguzi. Onyesha kovu. Usimweleze afisa habari za rambo.

Siku ya upasuaji yenyewe ni nyepesi kuliko zote. Mpasuaji atatia alama ya kalamu juu ya goti, kama seremala kwenye ubao. Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni, na usipoongezewa ya usingizi wa kutosha utasikia msumeno na nyundo, kama jirani anayetengeneza kabati. Kabati ni wewe. Siku hiyohiyo utasimamishwa utembee na fremu, na wengi siku hizi hurudi kwao kabla ya giza. Usiulize utalala wodi gani.

Nyumbani ndiko kazi iliko. Mtu wa mazoezi atakufundisha ngazi: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mbovu hushuka kwanza, kama wema na waovu siku ya mwisho. Somo zuri, hasa lifti ya jengo ikiharibika. Kuhusu treni, sheria ya mwaka 2005 ililipa jimbo miaka 20 kuondoa vizuizi kwa walemavu. Januari 2025 ikafika, na stesheni za Warden, Islington na Old Mill bado hazikuwa na lifti. Ukikaa upande wa Warden, fanya urafiki na ngazi zake mapema.

Barafu. Weka juu ya goti pakiti ya njegere za kugandishwa, dakika 20, mara kadhaa kwa siku, kisha uirudishe kwenye friza. Iandike kwa kalamu nene: YA GOTI. Shangazi hakuandika. Siku ya tano wageni walifika, 11 kwa pamoja, kwani mgonjwa haangaliwi kwa awamu, wakakuta mguu umelazwa juu ya mito mitatu na mwenyewe anahangaika kuinuka awapishe kiti. Wifi yake akaingia jikoni kwa nia njema. Mchuzi wa njegere ulisifiwa. Pakiti ile ilikuwa imeyeyuka na kuganda labda mara 30, na shangazi, aliyejua, alikula kwa adabu na kuomba aongezwe. Hakuna aliyeumwa. Goti peke yake ndilo lililolala bila barafu.

Mengine ni mambo ya nyuzi. Mtu wa mazoezi atakuja na kipimapembe cha plastiki na kukukunja hadi utaje watu waliokwisha kufa. Nyuzi 90 zinatosha kukaa kitini. Wengi huishia 110 au 120, wakapigiwa makofi. Kuchuchumaa sawasawa kunataka kama 130 na zaidi, na mbuzi ya nazi haiko mbali na hapo. Kusujudu, utaambiwa, hakuvunji kitu, ila kutauma. Msikitini ipo safu ya viti. Nenda. Utawakuta wote uliokuwa ukiwasema kwamba ni wavivu.

Baada ya wiki sita utarudi kwa mpasuaji. Hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kuitumia saba, na shangazi, kilegesambwa chake kikiwa kimeachwa bila kifungo, alikuwa nayo halali: mbele ya goti palikuwa panauma kila akiinuka kitini. Safari hii alikataa nimsemee. Tulifanya mazoezi ndani ya basi. Saba. Saba. Tukafanya tena kwenye lifti, naye akaitamka kavu, bila "ila", nikaona tumefika.

Mlango ukafunguliwa. Mpasuaji akaingia akitabasamu, mtu ambaye ukutani kwake, kati ya shahada zake, ameweka picha yake amesimama juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, kwa magoti yake mwenyewe. Akakumbuka mgonjwa huyu anatoka wapi. Akanyoosha mkono.

"Hujambo, mama?"

Uso wa shangazi ukachanua. "Sijambo, baba! Sijambo kabisa. Wewe hujambo? Na watoto hawajambo?"

Akacheka, akakaa, akaandika. Maumivu: sifuri. Aje tena baada ya mwaka mmoja na picha mpya.

Kwenye korido shangazi aliegemea ukuta, akalishika goti kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, akavuta pumzi. "Kijana ana adabu sana yule," akasema.